Asilimia ya nini? Shajara ya kijitabu chetu cha hesabu za kila siku, Mtwara

Septemba, mwishoni

Kwa mnaoingia sasa: tunatengeneza kijitabu cha hesabu za kila siku kwa wanachuo wasiosoma hesabu, yani watu wa uuguzi, maendeleo ya jamii, ualimu wa awali, kilimo, wale ambao hesabu waliiaga kidato cha nne na wengi waliagana nayo kwa F wala hawakutaka kuonana nayo tena. Tunakutana jioni hapa Mtwara mjini kwenye darasa la kuazima, mimi na mwenzangu wa famasia ndo tunafundisha, kila tunachojaribu kikikubali kinaingia kwenye kijitabu, kisipokubali kinatoka.

Muhtasari tuliorithi ulikuwa na seti, matriki na logariti. Nimevitoa vyote. Sio kwamba ni vibaya ila muuguzi wa zahanati ya Nanyamba hatokaa akutane na matriki maisha yake yote, wakati asilimia anakutana nayo kabla hajanywa chai. Kilichobaki ni asilimia, uwiano, vipimo, riba, na kidogo uwezekano. Kurasa zisizidi arobaini maana kopi tunatoa kwa hela zetu.

Kwenye mazoezi ya majaribio kuna kitu kimejitokeza wazi. Kukokotoa wanajua jamani. Magazijuto (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanaiimba kama wimbo wa taifa, ukimuuliza mtu asilimia 20 ya 350,000 anakupa 70,000 fasta hata simu hajashika. Anakwama pale unapompa habari yenye asilimia ndani yake, kwasababu hajiulizi hiyo asilimia ni ya kitu gani. Kwahiyo tumekubaliana na mwenzangu kijitabu kizima kizunguke hapo hapo, tusitawanyike.

Oktoba, minada imeanza

Msimu wa korosho ukianza huku kusini hata darasa linabadilika, watu wanatoka nje kupokea simu za nyumbani, huyu baba yake kapeleka mzigo ghalani anasubiri malipo, yule ada yake yenyewe ipo ndani ya gunia. Nikaona nisishindane nao, swali la wiki likawa la kangomba.

Kwa msio wa huku, korosho ghafi inatakiwa ipite chama cha msingi, iende ghalani, ndo iuzwe mnadani, huo mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzia hapa Mtwara 2007. Kangomba ni kuuza kimya kimya mtaani, tena kwa bakuli badala ya mzani, na imepigwa marufuku ila mtu akiwa na mgonjwa ndani hasubiri mnada. Swali langu: mnunuzi anakwambia bakuli moja ni kilo moja, bei 2,000, kumbe bakuli linabeba kilo moja na robo. Mkulima anapunjwa asilimia ngapi?

Darasa zima likasema 25. Robo si ni robo! Nikawaambia haya, chukueni mzee ana kilo 500. Bakuli zinatoka 400, kwa 2,000 anapata 800,000. Angeuza kwa mzani kwa bei hiyo hiyo angepata 1,000,000. Kapoteza 200,000 ndani ya milioni yake, hiyo ni asilimia 20. Kijana mmoja wa Tandahimba akakataa katakata, akasimama akaenda ubaoni mwenyewe, akaandika 200,000 gawanya kwa 800,000, ikatoka 25. "Mwalimu hii hapa, na hela ni ile ile!"

Na hapo ndo nilipokuwa napataka, ila alifika mwenyewe bila kusukumwa. Mbele ya ubao pale akawa anaziangalia zile namba mbili, akasema kwa sauti ndogo kidogo, "800,000 ni ya mnunuzi." Ndiyo. Mnunuzi katoa 800,000 akapata mzigo wa milioni, faida yake 25. Mkulima alikuwa na mzigo wa milioni akapokea 800,000, hasara yake 20. Laki mbili ni zile zile, kila mmoja anazigawa kwa mfuko wake. Mabishano yaliendelea mpaka getini na mpaka kwenye grupu la wasapu, binti mmoja akaleta la kwake, kwamba bidhaa ikipanda bei asilimia 25 alafu ikashuka asilimia 20 inarudi pale pale ilipoanza, akauliza ni hesabu ile ile au nyingine. Nimemwachia darasa limjibu. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu umepatikana, na jina la yule kijana sitoliweka ila njia yake ya ubaoni nimeiweka kama ilivyo.

Oktoba, katikati

Kalkuleta ruksa. Mwenzangu alitaka tuzuie wiki za mwanzo, nimemkatalia, simu zipo mifukoni mwao na zitabaki mifukoni mwao baada ya chuo. Sharti ni moja, kabla ya kubonyeza unaandika pembeni jibu unalolitegemea kwa kukisia, hata kama ni "kama laki moja hivi". Mtu aliyekisia laki moja akipata milioni kumi atashtuka. Asiyekisia ataiandika hivyo hivyo na kuipigia mstari chini mara mbili.

Novemba, siku ya kukata korosho

Hii nilikuwa naisubiri. Ubora wa korosho ghafi wanunuzi wanaupima kwa paundi za korosho karanga, yani kile kiini ganda likishatoka, zinazotoka kwenye gunia la kilo 80, ndo maana unasikia watu wa maghala wanasema mzigo huu una 48, ule una 45, na wakulima wengi wanaisikia tu hiyo namba hawajui imetoka wapi. Sampuli ya kilo moja inakatwa, inapimwa, alafu gramu zinazidishwa kwa 0.176.

Tukaleta kilo moja kamili, mzani wa jikoni, visu, na glavu za wauguzi maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, mwenzetu mmoja alidharau akasema yeye kazaliwa Newala kakulia kwenye korosho, kesho yake vidole vilikuwa vinabambuka. Kukata kunachosha kuliko mnavyofikiria. Unapasua katikati, unachokoa, unatenga mafungu: nzima na safi huku, zenye madoa au zilizosinyaa pale, zilizooza kabisa unatupa. Safi zikatoka gramu 262, zenye madoa gramu 20. Zenye madoa zinahesabiwa nusu, kwahiyo 262 na 10, jumla 272. Mara 0.176 inakuja kama 48.

Sasa "0.176 ni nini?" ndo lilikuwa somo lenyewe, kilichobaki ilikuwa maandalizi. Nimewagawa vikundi nikawaambia asitoke mtu mpaka aijue. Kikundi cha kilimo kikapata kwanza: kilo moja imetoa gramu 272, kilo 80 zitatoa 21,760, paundi moja ni gramu 453.6, gawanya, inatoka karibu 48. Alafu wakaona kwamba 80 gawanya kwa 453.6 ni 0.176 na ushee, kumbe ile namba ya ajabu ni njia ya mkato ya mtu aliyechoka kugawanya kila siku. Kulikuwa na kelele za furaha pale, sijui kama nimewahi kusikia watu wanashangilia desimali.

Binti wa maendeleo ya jamii akauliza la maana zaidi: kwahiyo gunia la kilo 80 linatoa karanga kama kilo 22 tu, hizo nyingine zinaenda wapi? Maganda. Asilimia 27 karanga, zilizobaki ni ganda na uchafu. Tukaingia kwenye kubangua, na kwanini bei ya kilo ya korosho karanga dukani huwezi kuilinganisha na bei ya kilo ya korosho ghafi mnadani ukalia umeibiwa, kwanza unatakiwa uzidishe bei ya ghafi kwa 3.7 hivi ndo uanze kuongea, bado gharama za kubangua. Kipindi kikaisha tunabishana.

Novemba, bado

Swali fupi la unyevu nimelijaribu kwa makopa, yani muhogo uliokaushwa. Muhogo mbichi kilo 100, maji asilimia 65. Umeanika mpaka maji yamebaki asilimia 13. Una kilo ngapi? Wengi wakatoa 65 kwa 13 wakapata 52, wakasema zimebaki kilo 48. Jibu ni kama kilo 40. Kisichokuwa maji ni kilo 35 na hakijaenda popote, ila sasa ndo asilimia 87 ya mzigo mpya, 35 gawanya kwa 0.87. Ile 13 sio ya kilo 100 tena. Hili linaingia kwenye kijitabu bila mjadala, ila nimeona nisiliweke mwanzoni, linatisha watu.

Desemba, mwanzoni: kausha damu

Nilijua hii sura ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, itagusa watu ila sikujua itagusa darasa langu moja kwa moja. Tuna mama mmoja anasoma diploma ya maendeleo ya jamii, mtu mzima, anauza samaki, jioni anakuja na daftari lake. Nilipoweka mfano wa mkopo ubaoni akanyamaza sana. Mfano: unakopa 600,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita. Kila mwezi unarudisha laki moja ya mkopo na elfu sitini ya riba, jumla 160,000. Mwisho umelipa 960,000.

Nikauliza riba ni asilimia ngapi kwa mwezi. Kumi, wakajibu, si umeandika mwenyewe ubaoni.

Mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, ule mwezi wa sita, mimi nadaiwa shilingi ngapi?"

"Mwezi wa sita mama umebakiza laki moja."

"Na riba nalipa elfu sitini?"

"Elfu sitini."

"Sasa hiyo elfu sitini ni ya hela gani, wakati laki tano nimeshawarudishia?"

Sikuongeza neno. Nilichora jedwali tu, anachodaiwa mwanzo wa kila mwezi: 600, 500, 400, 300, 200, 100 elfu. Pembeni yake elfu 60 kila mstari. Wakakokotoa wenyewe asilimia ya kila mwezi: 10, 12, 15, 20, 30, 60. Mstari wa mwisho mtu kasoma kwa sauti, "sitini?!" na darasa likalipuka, wengine wanacheka wengine wanatukana (sio matusi makubwa).

Alafu tukaenda hatua moja mbele. Kama kweli riba ni asilimia 10 ya deni lililobaki na unalipa rejesho sawa kila mwezi, rejesho lingekuwa kama 137,800 na sio 160,000. Na ukitaka kujua ile 160,000 ni riba gani kwa deni linalopungua, inakuja kama asilimia 15.3 kwa mwezi. Hii hawawezi kuitoa kwa mkono, nimewaonyesha kwa jedwali la kwenye kompyuta, unajaribu riba moja baada ya nyingine mpaka deni la mwezi wa sita lifike sifuri. Ukiongeza na ile hela ya fomu, tuseme wanakata 30,000 juu kwa juu unaondoka na 570,000 mkononi huku unadaiwa 600,000, inapanda mpaka kama 17.3. Wanaotangaza wanasema kumi. Na kumi sio uongo, ni asilimia kumi ya hela uliyokopa mwanzo, ila wewe hiyo hela huna tena mfukoni tangu rejesho la kwanza, ndo utamu wa hiyo biashara kwa mwenye nayo.

Mama hakusema anadaiwa na nani na mimi sikumuuliza. Aliomba nimpe lile jedwali tupu ajaze namba zake nyumbani. Nimeliweka kwenye kijitabu ukurasa mzima, mistari kumi na mbili mitupu, bila mfano wowote juu yake.

Desemba

Wauguzi wamelalamika kwamba mambo yao hayapo, ni kweli. Kipindi kimoja cha dawa, mwenzangu kakiendesha. Parasetamo ya maji kwa mtoto wa kilo 12, dozi miligramu 15 kwa kila kilo, ni miligramu 180. Chupa yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5 unatoa mililita 7.5, chupa yenye 250 kwa mililita 5 unatoa 3.6. Mtu akiwa amekariri "saba na nusu" akabadilishiwa chupa, mtoto anapata mara mbili ya dozi na zaidi. Dripu: mililita 500 kwa saa nne, seti ya matone 20 kwa mililita, matone 10,000 kwa dakika 240, kama 42 kwa dakika. Walilipenda ila kwa maoni yangu hili wanafundishwa vizuri kwenye kozi yao, litabaki nusu ukurasa.

Sensa pia nimeijaribu, na hapo kuna utamu wa huku kwetu. Mtwara 2012 tulikuwa 1,270,854, 2022 tukawa 1,634,947. Lindi 864,652 kwenda 1,194,028. Nani kaongezeka zaidi? Wanaotoka Lindi upande mmoja, Mtwara upande mwingine, na wote wameshinda: Mtwara imeongeza watu 364,093, Lindi 329,376, ila kwa asilimia Lindi 38.1 na Mtwara 28.6, maana Lindi ilianzia chini. Nchi nzima ilitoka 44,928,923 kwenda 61,741,120, hiyo ni asilimia 37.4 kwa miaka kumi, mmoja akagawa kwa kumi akasema 3.74 kwa mwaka, wakati takwimu rasmi inasema 3.2. Serikali imekosea? Tukabonyeza 1.032 mara yenyewe mara kumi, ikatoka 1.37. Watoto wa mwaka huu wanahesabiwa na wao kwenye msingi wa mwaka ujao. Akakubali kwa shingo upande.

Januari

Mkeka, yani kubeti mechi kadhaa kwa tiketi moja, zote lazima zitiki ndo ulipwe. Sikutaka kuiweka maana nilihofia itageuka mahubiri, wavulana wameidai wenyewe. Sharti langu, hatusemi kubeti ni vizuri au vibaya, tunazidisha tu. Mechi nane, kila moja una uhakika wa asilimia 70, odi (namba inayozidisha hela yako ukishinda) 1.30 kila moja. Odi zote kwa pamoja zinafika kama 8.16, elfu moja inakuwa 8,160, inavutia. Uwezekano wa zote nane kutiki ni 0.7 mara yenyewe mara nane, 0.058, chini ya asilimia 6. Zidisha 8,160 kwa 0.058 unapata kama 470. Yani kwa wastani kila elfu unayoweka inarudi 470. Jamaa mmoja akasema basi dawa ni mechi moja moja, tukazidisha, 1.30 mara 0.7 ni 0.91, elfu inarudi 910. "Afadhali," akasema. Nikamwacha na afadhali yake.

Lililowashangaza zaidi ni kwamba kila mechi unayoongeza inazidisha ile 0.91 tena, kwahiyo mkeka mrefu sio hatari kwasababu ya bahati mbaya, umepunguzwa tangu haujachanika.

Makato ya mshahara tumepitia haraka. Viwango vya Julai 2021, mpaka 270,000 hukatwi kodi, inayozidi hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, inayozidi hapo mpaka 760,000 ni asilimia 20. Watu waliamini ukitozwa kodi kwenye 530,000 unakatwa asilimia 20 yote, yani 106,000, bora usipandishwe cheo. Ni 22,000: asilimia 8 ya 250,000 na asilimia 20 ya elfu kumi tu iliyovuka mstari. Na ile asilimia 15 anayokatwa aliyesomeshwa na bodi ya mikopo ni ya mshahara, sio ya deni. Kuna mtu alikuwa anapanga maisha yake akidhani deni linaisha kwa miezi saba.

Februari

Rasimu ipo kurasa 38. Majibu nyuma hatuweki, tunaweka ya kukisia tu, kama "kati ya 130,000 na 140,000", anayetaka kamili akokotoe. Mwalimu mmoja wa Lindi kaomba faili ajaribu kwao, tumempa. Sura ya wastani imesogezwa toleo lijalo, mifano tuliyonayo ni ya kitabuni mno, nataka bei za samaki feri za wiki kadhaa kabla sijaigusa, mama kasema atanipatia.

Kijana wa Msangamkuu kaleta swali lake na limenipendeza. Leo maji yamejaa saa kumi jioni, wiki ijayo siku kama ya leo kuna shughuli ya kwao saa kumi hiyo hiyo na mitumbwi inatakiwa ifike mpaka ufukweni, maji yatakuwaje? Wazee kwao wanahesabu kwa mwezi, yeye anataka kwa namba. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, siku saba ni dakika 350, karibu saa sita, yatajaa saa tatu na dakika 50 usiku. Kujaa kulikotangulia ni masaa 12 na dakika 25 nyuma yake, yani saa tatu na dakika 25 asubuhi. Kwahiyo saa kumi jioni itawakuta karibu na kupwa kabisa. Wasogeze shughuli iwe asubuhi. Nimeliweka ukurasa wa 39, mwenzangu alisome leo usiku, Jumatatu tunapeleka steshenari.